Chumba Kisicho na Kitanda

Mzee Efraimu Nzowa hakuwahi kulala hotelini hata siku moja, ingawa utu uzima wake wote ulikwisha katika kazi ya kulaza watu. Yeye na mkewe Loisi walikuwa na gesti Tunduma, mtaa wa nyuma ya maegesho ya malori, si mbali na geti la kuvukia kwenda Nakonde, Zambia. Loisi ndiye aliyejua kusoma. Efraimu alijua kuni, maji ya moto na sura za watu. Waligawana kazi hivyo, na haikuwahi kuleta ugomvi.

Walianza bila kujua kwamba wanaanza. Efraimu alikuwa kuli mpakani, anashusha na kupakia. Wakati huo madereva walilala chini ya malori yao, utingo juu ya mzigo, na msafiri asiye na gari aliomba mlango wa mtu. Ukimpa mkeka na uji wa asubuhi, alikuachia alichonacho: sabuni, chumvi, kipande cha kitenge cha Zambia. Hakuna aliyeiita biashara. Ulikuwa ugeni. Loisi alikuwa binti wa wakulima wa kahawa wa Mbozi, amekulia nyumba ambayo mgeni hapitishwi mlangoni, basi akawapokea. Siku moja dereva mmoja akakataa kuondoka bila kulipa.

"Mama, nikikuachia chumvi tu, safari ijayo nitaona aibu kurudi," akasema. "Na mimi nataka kurudi."

Loisi akaipokea ile hela kwa mikono miwili, akaenda nayo jikoni kwa mumewe kama mtu aliyeokota ndege.

"Baba Dennis, wanalipa ili warudi."

"Basi tuongeze mkeka," Efraimu akasema.

Waliongeza mkeka, kisha vitanda vya kamba, kisha vyumba. Tofali walifyatua wenyewe na kuchoma wenyewe. Kila chumba kilikuwa na chemli, ndoo, kipande cha sabuni kilichokatwa kwa uzi, na kandambili zilizokatwa pembe kisiginoni ili anayeondoka nazo ajulikane barabarani. Efraimu aliamka kabla ya watu kuchemsha maji kwenye pipa. Madereva walimpa jina, Moto. Mtu anatoa kichwa dirishani, "Moto, maji," na Moto anakuja na ndoo inayofuka.

Umeme ulipofika, chemli zikaenda stoo. Ikaja runinga moja ya korido, watu wakajazana kutazama mpira na soda mkononi. Kisha wageni wakaanza kuuliza, "Kuna selfu?" yaani chumba chenye choo na bafu humo humo ndani, na gesti isiyokuwa na selfu ikaonekana ya watu wa chini. Wakabomoa kuta, wakaingiza mabomba. Ng'ambo ya barabara zikaota loji za vioo na marumaru, kila moja na jina la Kizungu, na Efraimu akawa anawaona wageni wake wa miaka mingi wakiingia huko wamegeuza shingo ili wasikutane naye macho. Baadhi walirudi.

"Kule kuna kila kitu," mmoja alimwambia. "Ila ukiumwa hakuna wa kukugongea mlango."

Lakini kilichoifanya gesti yao ijulikane pande zote mbili za mpaka hakikuwa selfu. Kilikuwa chumba cha nyuma.

Mpakani maiti huchelewa. Mtu wa huku akifia kazini huko Kitwe au Ndola, ndugu humrudisha kwa gari, na karatasi moja ikikosekana gari linasimama Tunduma mpaka ipatikane. Na katika kazi ya kulaza watu hakuna anayetaka gari la maiti mlangoni. Wageni wanahama. Basi wenye gesti walikuwa na jibu lao moja kwa wafiwa: pamejaa.

Siku moja ya mvua Loisi aliona pikapu imesimama nje, jeneza limefunikwa nailoni, na mwanamke ameketi pembeni yake ameshikilia ncha ya nailoni isipeperuke. Walikuwa wamefukuzwa mji mzima. Loisi akamwangalia mumewe.

"Wageni watatukimbia," Efraimu alisema.

"Wakimbie. Na wao watafiwa."

Walihama kweli, siku ile ile, na mmoja alitukana. Loisi akatoa vitanda vyote katika chumba cha nyuma, kwa sababu kwenye msiba wanawake hukaa chini, akatandika mikeka. Efraimu akawasha moto uani, wanaume wakaota. Baada ya hapo kile chumba hakikurudishiwa kitanda tena. Walikitobolea mlango wa kutokea uani, wakapanga mawe mahali pa moto, wakajenga na kibanda cha kusitiri jeneza. Aliyefiwa hakulipa kitu. Huko Nakonde watu wakawa wanaambiana: ukikwama na msiba Tunduma, uliza kwa Bamayo Loisi. Bamayo ni mama kwa lugha ya ng'ambo. Loisi alilipenda jina hilo kuliko lile lililoandikwa kwenye kibao cha gesti.

Mtoto wao wa pekee, Dennis, alikulia humo, katikati ya ndoo na mashuka. Wakampeleka Arusha kusomea mambo ya hoteli. Alirudi na viatu vinavyolia na maneno mapya, akaitazama gesti kama mtu anayetazama jino bovu. Kile chumba cha nyuma ndicho kilichomchoma zaidi.

"Mama, chumba kizima, hakina hata kitanda."

"Kina watu," Loisi alimjibu.

Loisi alipougua, akalala ndani muda mrefu, alimwita Dennis kitandani. Efraimu alikuwepo. Aida naye alikuwepo, ameshika beseni. Huyu alikuwa binti ambaye Loisi alimchukua mdogo, akamlea, akamfundisha kazi mpaka akawa mtu wa mapokezi.

"Dennis," mgonjwa alisema. "Chumba cha nyuma."

"Hakiguswi, mama."

"Sema baba yako asikie."

"Baba, chumba cha mama hakiguswi."

Loisi akafumba macho. Alikufa kabla ya wiki kuisha, wakampeleka kumzika Mbozi, nyumbani, kando ya shamba lao la kahawa.

Kwao Efraimu, mfiwa mkuu hasemi kwenye kikao. Anakaa chini, shuka mabegani, na msemaji anamsemea. Msemaji wake alikuwa mdogo wake Yonathani, mtu wa maneno mengi na matamu, ambaye tangu utoto wao alimsemea kaka yake hata dukani. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikusanyika. Dennis akasimama, akasema gesti imechakaa, benki iko tayari kumkopesha, anataka kujenga kitu cha heshima chenye jina la mama. Akamgeukia baba yake.

Efraimu alikuwa na swali moja tu, na hakuruhusiwa kuliuliza. Akamwangalia Yonathani. Yonathani alikijua kile chumba. Alishawahi kukesha humo na wafiwa, akaimba nao. Alimwelewa kaka yake kwa jicho tangu wakiwa wachunga ng'ombe. Yonathani akakohoa.

"Kaka amekubali," akasema. "Kwa moyo mmoja."

Watu wakaitika amina. Efraimu akalivuta shuka mabegani. Muda si mrefu baadaye mtoto wa Yonathani, ambaye alikuwa anazurura tu Vwawa, alikwenda Tunduma kusimamia mafundi.

"Wewe baki kwanza shambani, baba," Dennis alisema. "Vumbi la saruji litakuharibu kifua."

Alibaki. Kahawa iliiva, akaichuma. Kila jioni alikwenda kaburini kung'oa magugu, hata yasipokuwepo. Alipompigia Dennis simu aliuliza neno moja.

"Chumba?"

"Kipo, baba. Tena utakipenda."

Mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, baridi ikiwa kali, alikuwa Mlowo barabarani, si mbali na shamba, na gunia lake aliposikia honi. Alikuwa Gwakisa, dereva aliyeanza kulala kwao akiwa bado utingo, sasa mvi tupu. Aliegesha lori pembeni akashuka.

"Moto, bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie."

"Mimi siwezi, nina mzigo wa watu."

Wakacheka. Kisha Gwakisa akavua kofia. "Mama alikuwa mtu," akasema.

"Ndiyo."

"Msiba ulinikuta Lusaka."

"Niliambiwa." Efraimu akaweka gunia chini. "Umepita kwetu?"

"Nimepita. Siku hizi ghorofa, mzee. Wamenipa kadi ya kufungulia mlango. Unaipitisha, inawaka nyekundu. Unaipitisha, nyekundu. Nikaona bora lori langu, lina ufunguo."

"Chumba cha nyuma?"

Gwakisa akaanza kufuta kioo cha pembeni cha lori, na hakikuwa na uchafu. "Kipo," akasema. "Kina jina la mama mlangoni."

Efraimu akatabasamu. Mtoto alikuwa ametimiza neno lake, na yeye alikuwa amelala miezi yote hiyo akimfikiria vibaya.

"Nipeleke."

"Leo hii? Si umpigie Dennis kwanza, mzee."

"Kwangu nibishe hodi?"

Gwakisa alikuwa mtu wa hadithi barabara nzima. Siku ile aliendesha mpaka Tunduma bila kufungua mdomo ila kuulizia kahawa. Walipoikuta foleni ya malori akasema, "Mzee, nitakuwa hapa maegeshoni. Foleni ni ndefu. Ukinihitaji, nipo." Efraimu aliona ni maneno ya ajabu kumwambia mtu anayekwenda nyumbani kwake.

Jengo lilikuwa jeupe, refu, vioo vya bluu. Aida alimwona kupitia kioo, akatoka mbio amevaa sare na kijibao cha jina kifuani, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo baba. Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Si ndiyo nimekuja. Nionyeshe kwa mama."

"Kunywa chai kwanza, baba. Umetoka baridini."

"Nionyeshe, Aida."

Alimpeleka taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Korido ilinuka manukato. Mwisho wa korido, kando ya ilipokuwa stoo ya chemli, palikuwa na mlango wa mbao nzito wenye herufi za kung'aa.

"Soma."

"Loisi VIP."

"Hilo la pili ni nini?"

"Ni chumba cha wakubwa, baba. Ndicho ghali kuliko vyote."

Akapitisha kadi, ikawaka kijani. Ndani kulikuwa na kitanda kipana kama kichanja cha kuanikia kahawa. Juu yake mataulo mawili yamekunjwa umbo la bata, midomo inagusana, na maua mekundu yamenyunyizwa. Na ukutani, juu kabisa ya mto, alikuwepo Loisi. Amevaa kitambaa cheupe cha kina mama wa kanisani, anatazama chini kitandani. Picha ile walipiga wawili, siku walipomaliza kuezeka gesti. Efraimu amekatwa. Vilikuwa vimebaki vidole vyake tu, kwenye bega la mkewe.

Alivua kofia. Aida alisimama mlangoni anageuzageuza kadi.

"Na wafiwa?" Efraimu akauliza.

"Hawaji sana siku hizi."

"Hawaji?"

Aida akaishusha kadi. Kisha akasema, "Wanakuja. Tunawaambia pamejaa."

"Wewe ndiye unayewaambia?"

"Ndiyo, baba."

Mlango wa kutokea uani ulikuwa umezibwa kwa dirisha la kioo. Akachungulia. Mahali pa moto pale, kwenye mawe aliyoyapanga kwa mikono yake, palikuwa na jiko la nyama choma, na mbuzi mzima anageuzwa. Kibanda cha jeneza kilikuwa kaunta ya bia. Watu walikuwa wamekaa hapo wanacheka, muziki uko juu.

Waliporudi mapokezi walimkuta mwanamume mmoja wa makamo, ufunguo wa gari kidoleni, na msichana ameegemea bega lake.

"Dada, kile cha bibi kipo wazi?"

"Kipi?" Aida akasema.

"Kile chenye bibi ukutani. Mwenzangu hapa anasema safari ile bibi alikuwa anatuchungulia."

Msichana akampiga kofi la begani, akicheka. "Mgeuzeni bibi atazame ukuta," akasema.

Efraimu alikuwa amesimama karibu nao kiasi cha kuwagusa. Hawakumwangalia. Alimtazama Aida. Alingoja. Alimwona akiangalia kompyuta, akiona kwamba anaangaliwa, na akibonyeza.

"Kipo," Aida akasema bila kuinua uso, akatoa kadi.

Dennis alikuja akiwa anahema. Mtu alikuwa amempigia. Alimkumbatia baba yake, akampeleka ofisini, akafunga mlango.

"Baba, ungesema ningekutumia gari. Chumba chako kipo, ghorofa ya kwanza, kina maji ya moto saa zote. Hutachemsha tena."

"Chumba cha mama yako."

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Ndicho bora kuliko vyote. Nimekipa jina lake. Na hoteli yote nimeipa jina lake, baba, kibao kizima cha nje. Mtoto gani mwingine hapa mjini amemfanyia mama yake hivyo?"

"Ulisema hakiguswi."

"Na wewe ulikubali kwenye kikao, mbele ya ukoo wote."

"Nilinyamaza."

"Baba mdogo alisema umekubali."

"Nilikuwa mfiwa, Dennis. Unajua mfiwa anavyokaa."

Dennis akashika kichwa. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na kwa kitambo Efraimu alimwona yule mtoto aliyekuwa akilala juu ya mashuka yaliyotoka kuanuliwa. "Sikiliza, baba. Zamani mgeni alikuja kwa sababu anakujua. Leo anachagua hoteli akiwa bado Dar, kwenye simu. Anaona picha, anasoma waliopita wamesema nini. Mtu mmoja akiandika kwamba ameamka akakuta jeneza uani, nimekwisha. Mama alikuwa na moyo, sikatai. Mama hakuwa na mkopo."

Dennis akatoa simu, akapiga, akaongea kidogo, akampa. "Baba mdogo huyu."

"Kaka," ilisema sauti ya Yonathani, tamu vile vile. "Umeona mtoto alivyojitahidi? Kumshukuru Mungu tu."

"Ulijua ningeuliza nini siku ile."

"Ningejuaje, kaka? Hukusema."

"Ulijua."

Kwenye simu kikasikika kikohozi. Kisha Yonathani akasema kwa sauti nyingine, ndogo, ambayo kaka yake hakuwa ameisikia tangu wakiwa watoto. "Mwanangu alikuwa hana kazi, kaka."

Efraimu akamrudishia Dennis simu.

Hapo ndipo waliposikia mlinzi akibishana getini. Efraimu alitoka kwanza. Pikapu nyeupe yenye namba za Zambia ilikuwa imesimama, na nyuma yake jeneza limefungwa kwa kamba na blanketi. Mwanamke wa makamo, kanga imefungwa kiunoni, alikuwa ameshuka anaongea na mlinzi. Alisema anaitwa Restuta. Wanatoka Kitwe, wanampeleka kaka yake nyumbani Mkwajuni, na mjomba mwenye karatasi za marehemu ameachwa nyuma, atafika kwa basi la kesho.

"Tumeelekezwa kwa Bamayo Loisi," akasema.

Mlinzi alinyoosha kidole juu kwenye kibao. "Loisi ndiyo hapa, mama. Ila pamejaa."

Restuta alikiangalia kile kibao, kisha jengo, kisha watu wenye bia. "Tumeambiwa kwake hapajai," alisema.

Efraimu akamgeukia mwanawe. "Watoe wale."

"Kina nani?"

"Waliomo kwa mama yako. Watoe, utoe kitanda."

"Baba, siwezi kumtoa mteja aliyelipa."

"Mama yako aliwaacha waondoke."

"Nimeshakueleza." Dennis alishusha sauti, akasogea. Watu wa kwenye nyama choma walikuwa wameanza kugeuka. "Usiniaibishe mbele ya wageni. Tafadhali, baba. Twende ndani."

Efraimu aliangalia mapokezi kupitia kioo. Aida alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Hakutoka.

"Geuza gari, mama," akamwambia Restuta. "Mimi nitatangulia kwa miguu."

Gwakisa aliwaona wakiingia maegeshoni, mzee mbele na pikapu nyuma inamfuata kwa mwendo wa mtu. Alianza kufungua turubai la lori lake.

"Ulijua," Efraimu alimwambia.

"Nilijua."

"Ukaniambia kina jina la mama."

"Kina jina la mama, mzee. Ningesema nini pale barabarani? Wewe ulikuwa umefurahi." Akavuta kamba kwa nguvu. "Nilitaka uone mwenyewe. Sasa umeona, shika huku."

Walifunga turubai kutoka lori la Gwakisa hadi lori la jirani, likawa paa. Madereva wengine walileta mikeka yao ya safari, na mmoja akalalamika kwamba sasa atapikia wapi, kisha akaleta mkaa. Wanawake wakakaa chini kuzunguka jeneza. Efraimu aliwasha moto. Kazi hiyo mikono yake haikuwa imeisahau.

Jua lilipokuwa linashuka Dennis alikuja na vyakula vya hoteli vimefungwa vizuri. Alivikabidhi kwa Restuta kwa adabu, akampa pole. Kisha akachuchumaa karibu na baba yake.

"Watu wanaongea mjini," akasema. "Wanasema nimemfukuza baba yangu. Rudi, baba. Hata kwa ajili ya jina la mama."

"Ndilo nililotaka kukuambia," Efraimu alisema. "Hoteli baki nayo. Jina lake litoe. Na picha."

"Jina ndilo linaloleta watu."

"Najua. Hawa limewaleta, wakaambiwa pamejaa."

Dennis aliokota kijiti, akakivunja vipande vipande, akavitupia motoni. "Picha nitakupa," akasema mwishowe. "Jina siwezi. Limeshakwenda kila mahali, baba. Liko benki, liko kwenye leseni, liko kwenye simu za watu. Siwezi."

"Unaweza."

"Sitaweza."

"Sawa," Efraimu alisema. "Hilo nalo nimelisikia kwako mwenyewe."

Dennis akainuka, akapangusa suruali, akaondoka zake.

Asubuhi mjomba alifika na karatasi, muhuri ukagongwa, pikapu ikawashwa. Mtoto wa Yonathani ndiye aliyetumwa kuleta picha. Ilikuwa imefungwa kwa taulo jeupe la hoteli. Aliiweka mikononi mwa mzee, akatamka shikamoo kwa haraka, akaondoka kabla ya kuitikiwa. Efraimu aliifungua, akalitupa lile taulo kwenye gurudumu la lori, akaifunga upya kwa shuka lake.

Restuta alimwambia apande mbele. Njia yao ya kwenda Mkwajuni ilipita Mlowo, wangemshusha kwake. Gwakisa alimpa mkono dirishani, naye akaupokea, ingawa hakuwa amemsamehe bado.

Pikapu ilipita mbele ya hoteli. Dereva, kijana wa Kitwe, alisoma kibao kwa sauti, kama watu wanavyosoma vibao barabarani. "Loisi Hotel." Efraimu alitazama upande mwingine, kwenye malori.

Walipokaribia Mlowo, Restuta aligusa shuka lililokuwa juu ya magoti ya mzee.

"Ni nani huyu, baba?"

Efraimu alikunjua upande mmoja. Restuta aliinama, akaitazama ile sura kwa muda.

"Ndiye tuliyekuwa tunamtafuta jana," akasema.

"Hata mimi," Efraimu alisema, akamwomba dereva asimame, ashuke.